Mashine Mbili Nyuma ya Khanga

Kilwa Masoko, Jumapili, baada ya Magharibi. Mawingu yametanda tangu asubuhi bila kudondosha hata tone, na umeme haujakatika siku nzima, jambo ambalo peke yake lingetosha kuandikwa. Chai yangu imepoa hapa pembeni. Siijali.

Leo naandika kwa kujisifu. Atakayekereka apite.

Kaka yangu Bakari yuko likizo. Anafanya kazi ya umeme Songo Songo, kwenye mitambo ya gesi, na anapenda muziki kuliko chakula. Safari hii alishuka kwenye boti amekumbatia boksi kama mtu aliyebeba kichanga. Ndani yake amplifaya ya kigeni, mashine ya kukuza sauti, nyeusi, nzito, ina kitufe kimoja tu cha kuzungusha. Anasema sauti yake ina joto, ina upana. Ya kwangu, anasema, ni kavu.

Ya kwangu niliiunda mwenyewe. Nilitoka chuo cha ufundi Lindi nikiwa na cheti na sina mashine, basi nikaanza kukusanya vipuri kwenye redio mbovu za watu, nikachonga boksi la bati, nikaunguza vidole mpaka ikaimba. Sasa ndiyo inayonilisha. Harusi nyingi za hapa mjini muziki ni wangu.

Na Ijumaa inayokuja anaolewa mdogo wetu Rukia.

Juzi Bakari alimwambia Mama, mbele ya shangazi zetu, kwamba harusi ya nyumbani ipigwe na mashine ya maana, na mimi Salma nipumzike, nikae na wenzangu nile pilau. Hakusema kwa ubaya. Mama alinyamaza, na Mama akinyamaza ameshakubali.

Niliumia sana. Harusi za watoto wa wenzetu napiga, ya mdogo wangu nikae pembeni?

Leo asubuhi nikamwambia tuzisikilize zote mbili, kwa spika zilezile, wimbo uleule. Akacheka, akakubali. Tukaweka taarabu ya zamani anayoipenda. Kwanza yangu, halafu yake. Mama alikuwa anachambua mchele. Akainua uso.

"Hii ya Bakari imefunguka," akasema.

Mbaya zaidi, na mimi nilisikia hivyohivyo. Fidla ilikuwa karibu, ngoma imejaa.

Kisha nikagundua kitu. Sauti ya mashine ya Bakari ilikuwa juu kidogo. Kidogo sana, si kiasi cha mtu kulalamika. Lakini sauti ikizidi namna hiyo, sikio halikuambii imezidi. Linakuambia ni nzuri.

Nikaleta mita, nikapima umeme unaofika kwenye spika, mashine moja baada ya nyingine, nikazirekebisha mpaka zikalingana. Bakari ni fundi umeme, hakubisha. Alisema tu, "Mimi hii yangu naijua hata nikiwa usingizini."

"Basi tusiione," nikamwambia.

Tukatundika khanga mbele ya meza. Nyuma yake nikamweka wifi yangu Mwanaidi, mke wa Bakari, ili pasiwe na wa kusema nimehonga. Nikamfungia swichi ya kuhamisha spika kutoka mashine moja kwenda nyingine. Arushe sarafu, imwambie ipi ipige. Na kila mara aigeuze swichi mara mbili tatu, tusijue kwa mlio wake kama amehama au amebaki palepale.

Bakari akakaa kwenye kiti, akafumba macho. "Yangu."

"Siyo," akajibu Mwanaidi.

"Yangu."

"Ndiyo."

"Hii ya Salma. Kavu kabisa."

"Hiyo ni ya kwako, mume wangu."

Mama aliacha mchele. Tuliendelea mpaka adhana ya Adhuhuri, tukaswali, tukarudi. Bakari alibadilisha nyimbo, akasogeza kiti, akamwomba Mwanaidi asihame haraka. Alipata, akakosa, akapata, akakosa. Sarafu ya mkewe ingeweza kukaa kwenye kile kiti ikajibu vilevile.

Kisha akanyanyuka. "Kaa wewe."

Nilikaa kwa raha zote. Mashine niliyoiunda kwa mikono yangu, nimelala nayo chumba kimoja, nitashindwaje kuitambua?

Nilishindwa.

Nilikosa ya kwanza, nikakosa ya pili, na zilizofuata nikawa nabahatisha tu kama Bakari. Mwanaidi alianza kucheka nyuma ya khanga mpaka sarafu ikamdondoka. Kwa dakika chache niliona aibu, kana kwamba nimemsahau mwanangu jina. Halafu furaha ikaanza kunipanda taratibu, kutoka tumboni. Kama mimi mwenyewe siitambui, maana yake mashine yangu haiongezi chake wala haipunguzi. Wimbo unaingia, wimbo unatoka, umekua tu. Kumbe hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta nilipokuwa naungua vidole.

Sisemi amplifaya zote ni sawa. Yangu ukiisukuma kupita nguvu zake itakwaruza, na ziko nyingine zinavuma hata kabla wimbo haujaanza. Lakini mbili zilizoundwa vizuri, zikilinganishwa sauti, zisipolemewa? Leo sikusikia tofauti. Kesho mtu akinionyesha, nitasikiliza.

Bakari aliomba nimfungulie boksi langu. Akainama juu yake muda mrefu, akifuata nyaya kwa kidole. Mwishowe akageuka.

"Mama, Ijumaa anapiga Salma."

"Na ile yako?" Mama akamuuliza.

"Yangu ni nzuri kuitazama."

Tulicheka sote, yeye kuliko sisi. Bado anaipenda, na ana haki, ni nzuri kweli. Kabla hajaondoka sebuleni aliniambia polepole, "Sikujua umefika huku, mdogo wangu." Nikajifanya nakunja nyaya.

Asubuhi nitatafuta rangi nyeupe na brashi ndogo. Boksi langu halina jina mbele, na Ijumaa ukoo mzima utakuwa unalitazama. Niandike Salma tu, au Salma binti Athumani, na marehemu baba naye awepo?

Naandika lote. Kwa herufi kubwa.