Karoti za Watu Wote

Jumamosi, jioni. Mawingu meusi yamejikusanya juu ya Malvern, mtaa wetu hapa Johannesburg, upepo unabamiza geti la jirani, na mie nimekaa kitandani na udongo ndani ya kucha. Sijaoga hata. Nataka niandike kwanza.

Leo nimeng'oa karoti za watu wote.

Shamba letu liko nyuma ya kanisa kuukuu kule Jeppestown. Tunachangia pamoja kabla ya msimu, halafu kila Jumamosi kila mwanachama anabeba kikapu cha kilichokomaa. Shamba likitoa kidogo, tunakula kidogo. Na kila mtu ana zamu yake ya kulima. Aliyeniingiza humo ni Mama Furaha, Mkongo wa Uvira, anayesuka nywele jirani na cherehani yangu pale Jules Street.

Sasa majira haya ya machipuko yametuchosha. Baridi imekwisha, mazao ya kiangazi bado. Kikapu ni spinachi, vitunguu vya majani na figili, wiki inayofuata spinachi tena. Mwanangu Zuhura akiliona fungu anaguna kwa Kiingereza. Ndiyo maana lile tuta la karoti limekuwa kama mtoto wa ukoo mzima. Kila anayefika anaulizia kwanza karoti lini; mie hata tuta lenyewe sikulijua ni lipi.

Leo ilikuwa zamu yangu. Ma Nomsa, mama wa Kizulu anayeliongoza shamba, akanionyesha tuta moja, akaniambia nitoe magugu, akaenda kufungulia maji.

Mie nimezaliwa Ngamiani, Tanga mjini. Karoti naijua ya sokoni, imeshakuwa mtu mzima. Nilichokiona leo ni vijani vyembamba kama nyasi, vimesongamana, na katikati yake, jamani, mchicha! Umestawi, shina jekundu, majani mororo. Moyo ukanidunda kwa furaha. Nikasema Ma Nomsa ana akili, katupandia mboga ya maana. Nikang'oa nyasi zote, mchicha nikauachia nafasi nzuri, mche kwa mche. Mama Furaha akaja na ndoo, akapiga kigelegele: "Mama Zuhura, lengalenga kama ya kwetu Uvira!" Ndivyo wanavyouita mchicha kwao. Akainama, tukamalizia pamoja. Hivyo ndivyo Tanzania na Kongo tulivyoshirikiana kuua karoti.

Ma Nomsa akarudi. Aliokota kijinyasi kimoja kwenye rundo, akakivuruga kwa vidole, akaniletea puani. Harufu ya karoti tupu.

Eish.

Niseme ukweli, kilichonitisha si karoti. Kuna siku watu wanapita Jules Street wakiimba turudi kwetu, nami nafunga mlango na kukaa chini nyuma ya cherehani mpaka wapite. Siku nyingine wateja ni wapole mno, wapole wa mbali, kama wanaongea na mtu atakayeondoka kesho. Shambani nilikuwa nimeanza kusahau hayo. Sasa wanachama wamekusanyika kwenye tuta langu la mchicha, na kaka mmoja akasema chinichini, lakini si chini ya kutosha: "Wageni hawa." Nikajua basi, kikapu kimekwenda, na mie nimekwenda nacho. Mama Furaha akanifinya mkono.

Ndipo Ma Nomsa akalipuka.

Hakumlipukia yule kaka. Kanilipukia mie! Kwa Kizulu, kwa Kiingereza, kwa mikono. Hivi macho haya ndiyo ninayoshonea nguo za watu? Nimefundishwa na nani kung'oa kitu bila kuuliza? Midomo ikaanza kunitetemeka, akaniambia nisithubutu kulia, machozi hayaoteshi kitu. Yule kaka akatia neno, akageukiwa na kidole kile kile: "Wewe nyamaza. Huyu nasema naye mimi."

Kisha hukumu. Mbegu zipo. Jumamosi ijayo nifike alfajiri, nichimbe tuta upya, nipande karoti kwa mkono wangu mwenyewe. Na huo mchicha wangu niuvune, niufunge mafungu, kila kikapu kipate, na nimweleze kila mtu unavyopikwa. Akaondoka zake. Hajafika bombani akageuka: "Na uwe umekula! Ukizimia hapa sikubebi."

Njia nzima ya kurudi nimelia. Mama Furaha alidhani ni aibu, akanibembeleza weee, nami nikashindwa kumweleza.

Aibu ipo, sikatai. Watu watasubiri karoti mpaka waote mvi, na makosa ni yangu. Lakini kwetu mgeni hagombezwi. Mgeni akivunja sahani unamwambia aah, ilikuwa na ufa hiyo, unafagia huku unatabasamu. Anayegombezwa ni mtoto wa nyumba. Marehemu mama yangu alikuwa akinigombeza vile vile, mbele za watu, bila kupumua. Tangu afe, hakuna aliyenipigia kelele kama mtu anayejua kwamba kesho nitakuwepo.

Mvua imeanza. Zuhura ananiita kwa Kiingereza, anauliza kwa nini nacheka peke yangu.

Nimegombezwa, jamani. Nimegombezwa hapa hapa Johannesburg, na Jumamosi nitakwenda.