Maji Mekundu Si Damu, Kukhu

Pretoria, Afrika Kusini

Kwako Kukhu Taaka, nyanya yangu na mke wangu wa kwanza, hapo Lumino,

Mulembe, amani iwe nawe. Goti limeacha kukusumbua? Mihogo imekauka, au mvua bado inakuchezea? Mimi ni mzima, nimenenepa, na uzuri umezidi mpaka wasichana wa huku wanataabika. Barua hii anaileta Nekesa, binti wa jirani, yule msusi wa huku, anayekuja likizo. Kaka Wandera atakusomea. Wandera, soma kila neno, usijifanye unakohoa ukifika kwenye jina la Baba Mdogo.

Habari nimezipata. Nilimtumia Wandera picha nimeshika chupa ya maji mekundu, nikaandika "hii ni dhahabu", nikakaa kungoja sifa. Badala ya sifa kikaja kikao! Baba Mdogo Barasa, kwa kuwa ni mzee wa kanisa, akasimama uani kwako akasema, "Huyo kijana ameingia kwa wanywa damu." Na wewe uliyenilea, uliyeosha mchanga wa dhahabu mtoni tangu ujana wako, ukasema, "Dhahabu ni njano. Asipoiacha kazi hiyo akarudi, siku nikifa asitie udongo kaburini kwangu."

Kukhu, neno hilo lilinilaza na njaa. Mimi! Na unanijua mimi na chakula.

Sasa sikiliza, na usinikatize. Nafanya kazi chuo kikuu, mimi niliyefukuzwa shule nikiwa senior ya pili. Ni chumba cha leza. Naosha chupa, nasugua vibati vya chuma mpaka ungeona meno yako humo, yale mawili yaliyobaki. Wenye digrii wanakiweka kibati chini ya leza, ambayo ni mwanga uliokazwa ukawa mwembamba kama uzi. Haumwagiki kama wa tochi. Unapiga, unaacha, unapiga, na kila pigo ni fupi mno hata mpepeso wa jicho mbele yake ni mzee kama mwamba wa Tororo. Fundi wa kuchomelea pale Busia akigusa chuma, kipande chote kinawaka. Huku joto halipati hata nafasi ya kutembea. Palipopigwa panaruka, na pembeni hapana habari. Kibati kinatoka cheusi tii, bila rangi, bila masizi. Lile pigo limelima matuta madogo yasiyoonekana kwa jicho, na mwanga ukiingia humo hautoki. Vingine ukivimwagia maji, matone yanakimbia kama juu ya jani la nduma.

Ya dhahabu ndiyo hii. Wanazamisha kipande kwenye maji safi, wanakipiga hivyo hivyo. Kila pigo linarusha vumbi la dhahabu, dogo kuliko ugoro wako mara usizoweza kuhesabu. Maji yanaanza kuona haya, halafu yanakuwa mekundu kabisa. Siku ya kwanza nilipiga kelele, "Dokta, mmeua nani?"

Dokta Naledi, bosi wangu, alicheka akashika meza. "Hakuna aliyekufa, Egesa. Dhahabu ikiwa ndogo hivi inacheza na mwanga kwa namna nyingine."

"Dhahabu ya kwetu ina adabu," nikamwambia, "haibadilishi rangi."

Kisha nikakukumbuka wewe, nikajiona mwongo. Maana nani alikuwa akiikanda dhahabu na zebaki kwenye karai mpaka inakuwa nyeupe kama kijiko kipya? Nani aliiweka kwenye sigiri ikarudi njano, na sisi watoto tukakohoa moshi ule mbaya? Uliigeuza rangi mara mbili kabla ya chai, na hakuna aliyeita kikao. Ukifanya wewe ni ufundi, nikifanya mimi ni shetani? Nakataa.

Nimeomba chupa moja ndogo, Dokta amenipa. Nekesa anayo. Usiinywe. Waite wote waliokaa kikao. Chinja jogoo, yule anayemkimbiza Baba Mdogo. Damu yake kinga kwenye glasi, maji yangu weka kwenye glasi nyingine, kila moja tia kijiko cha chumvi. Damu itabaki nyekundu. Yangu itakuwa zambarau, kisha bluu kama wingu zito juu ya ziwa kule Majanji, kwa sababu chumvi inalifanya lile vumbi lishikane. Wakuonyeshe damu ya mtu gani inafanya hivyo. Baba Mdogo akisema bado ni uchawi, mpe paja la jogoo anyamaze.

Lakini hata maji yakigoma kugeuka, kazi siachi. Sirudi kwa kuitwa na uvumi. Nitakuja Krismasi kwa miguu yangu, nitalala kwako, nitakula kwenye sahani yako. Na siku yako ikifika, nitatia udongo wa kwanza, kwa mikono yote miwili. Baba Mdogo anishike kama ana nguvu. Wewe utakuwa umelala, utanizuia na nini?

Nisalimie shangazi Nafula anayeuza omena sokoni, mke wa Wandera na tumbo lake, na Baba Mdogo pia, nimemsamehe nusu. Nijibu kwa maneno yako mwenyewe, Kukhu, siyo ya kikao. Na usinijaribu kwa kufa kabla ya Krismasi.

Ni mimi mume wako, upende usipende,

Egesa