Jina Lako Nililoliazima

Bakari,

Assalamu alaikum. Shikamoo hupati. Nilikuzidi miaka miwili, na kufa hakukufanyi mkubwa wangu.

Nakuandikia hapa stoo ya hoteli, Diani, juu ya gunia la mchele. Nina jambo la kukiri. Uliponiachia ile pasiwadi yako kwenye kipande cha boksi la sabuni, ulisema, "Hamisi, hii ni ya siku moja tu, nikiwa mgonjwa." Ukafa wewe, pasiwadi ikabaki. Yangu mwenyewe nilikuwa nimeisahau zamani, na kuomba nyingine ningeonekana mzee asiyejua kitu. Nikawa naingia kazini kwa jina lako.

Ile VPN, mlango wa kuingilia kompyuta za hoteli ukiwa mbali, unaikumbuka, maana ndiyo iliyokuwezesha kukaa kwako Msambweni miguu juu ya mkeka, ukaandika hesabu ya mayai yetu kama vile umo ofisini. Ulikuwa ukijisifu: "Mimi nina njia yangu ya chini kwa chini." Basi njia hiyo hawakuifunga ulipozikwa. Kila asubuhi naandika jina lako, kioo kinasema, "Karibu, Bakari." Na mimi najibu, "Starehe." Usinicheke. Ilikuwa kama umeketi kando yangu ukinitania.

Kule mapokezi, Bi Riziki akaona kwenye kompyuta yake taa ya kijani inawaka mbele ya jina lako. Akapiga ukelele! "Marehemu yumo ndani! Wallahi yumo!" Wakaleta halua, wakamleta na maalimu, ukasomewa dua mbele ya kompyuta. Nami nikaketi palepale nikaitikia amina kwa sauti kuliko wote, mdomo umejaa halua. Mungu anisamehe. Nilikuwa jini wa hoteli nzima na nilijipenda.

Halafu ikaja Jumanne moja. Nimeketi hapa, chai mkononi, kompyuta yangu sijaigusa. Bi Riziki akaita kutoka mapokezi, "Mzee Hamisi, Bakari ameingia."

Nikacheka kwa mazoea. Kisha nikaangalia mikono yangu. Yote miwili ilikuwa kwenye kikombe.

Bakari, jini ni mimi, na mimi niko hapa. Basi nani yumo ndani? Nilikwenda kutazama. Taa inawaka, jina lako limetulia kama ulivyokuwa ukitulia wewe ukisoma gazeti. Nikanong'ona, "Bakari, ni wewe?" Naapa nilingoja jibu. Mpaka leo nikipita pale mapokezi shingo yangu husisimka.

Hukuwa wewe. Alikuwa mwizi, hata jina lake halijulikani. Siku chache kabla ya Jumanne ile nilikuwa na miadi ya mguu hospitali, nikapitia cyber ya Ukunda, nikaingia kwa jina lako niagize vitunguu. Adhana ikaadhiniwa, nikanyanyuka mbio nikaiacha mashine wazi vilevile. Aliyekaa baada yangu akabeba kila kitu, na pasiwadi yako. Na njia yako ile, ukishapita getini nyumba yote ni yako: jikoni, vyumbani, hadi kabati lenye nakala za pasipoti za wageni. Alizisoma zote. Wageni wakaanza kupokea barua za uongo kwa jina la hoteli.

Madamu meneja akatuita kikao. Ni mtu wa bara, haongei mengi. Akasema, "Account ni ya Bakari. Laptop ya kazi iko kwake Msambweni. Kesho asubuhi askari wawili wanaenda kuichukua, na huyo mke wake atatuambia nani anaitumia."

Mwanakombo! Yumo edani, Bakari. Hajamaliza hata miezi mitatu, yumo chumbani na nguo zake nyeupe, haonani na mwanamume wa kando, na hawa wanataka kumwingilia na mabuti wamwulize habari za wizi. Na kikaoni wewe ulishaanza kutajwa, "huyo Bakari," kama atajwavyo kibaka. Wewe, uliyekuwa ukirudisha hata kalamu ya hoteli!

Nilisimama. Nikasema, "Jini ni mimi."

Walicheka wote isipokuwa madamu. Nikatoa kile kipande cha boksi mfukoni nikakiweka mezani. Alikisoma, akakigeuza upande wa pili. "Mzee, unajua umenifanyia nini?" Nikamwambia najua, na aniandikie barua ya onyo au ya kwenda nyumbani, mradi askari wasiende Msambweni. Akaniandikia ya onyo. Askari hawakwenda.

Sasa njia yako ya chini kwa chini imefukiwa. Umekuja mfumo mpya unaokutaka upige hodi kila mlango. Unataka kujua mimi ni nani, natumia kompyuta gani, halafu unaniuliza tena kwenye simu. Kidole changu ulikikataa mara nne, kimelika kwa kufua nazi. Nikishaingia naona mayai, mchele na sabuni, basi. Pasipoti sizioni, wala sijui ziko wapi. Hata anayefanyia kazi nyumbani ataingia hivyohivyo, chumba chake tu. Ungeuchukia. Ungesema umenyimwa uhuru wa kuzurura.

Jina lako walilifuta mbele yangu. Niliomba niwepo, kama mazishini. Lilitoka, na majina ya juu na ya chini yakasogeleana, pakawa kama hapakuwa na mtu.

Mwanakombo hajui lolote. Siku atakayotoka eda nitakwenda mwenyewe, niketi mbele yake na ndugu zako, niseme kwa mdomo wangu kwamba uchafu ule ulikuwa wangu, wewe ulikuwa umelala kaburini safi. Akinifukuza, nitafukuzika.

Pumzika, mwenzangu. Jina lako nimelirudisha. Tangu leo nitalitaja msikitini, kwenye dua, wala si pengine.

Hamisi, wa stoo