Kadi ya Nzigire

Jumapili, 18 Septemba 2016. Columbus

Bulonza alikuja kanisani leo kuomba kura. Nilimfundisha kule Bukavu, Kongo, kisha naye akafundisha hesabu hapa miaka kumi na minne, na tangu mwaka jana ni mbunge wa jimbo. Anataka muhula wa pili. Muswada wake wa kutambua vyeti vya wakimbizi umekwama kamatini. Asiporudi, hakuna mwingine atakayeushika.

Baada ya ibada niliwasaidia watu kujaza fomu za wapiga kura. Nzigire, mjane anayepakia maboksi katika bohari, akauliza: "Baba Mwalimu, na miye pia?" Kwetu Kongo kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho. Yake iliungua pamoja na nyumba. Bulonza akapita nyuma yetu: "Wote, Mwalimu, wote! Haraka kidogo." Nikamjazia.

Ijumaa, 7 Oktoba

Kadi ya Nzigire imefika kwa posta. "Sasa niko mutu, Baba Mwalimu!" Alicheka mpaka akashika ukuta.

Nilimpigia mkwe wangu Kagabo, karani wa wakili huko Louisville, nikidhani atafurahi. Akauliza: "Baba, huyo mama ni raia?" Nikasema la — mahojiano yake ya uraia ni tarehe 26 mwezi huu. Akanieleza polepole, kama anayesema na mgonjwa. Asiye raia akijiandikisha ni kosa. Anaweza kunyimwa uraia, hata kufukuzwa nchini. Jina lifutwe mara moja, nami niandike barua ya kiapo: nani alijaza, wapi, kwa agizo la nani.

Swali la kwanza la fomu liliuliza kama ni raia. Nilitia alama kwenye ndiyo. Mimi! Niliyewachapa watoto kwa kujibu swali kabla ya kulisoma.

Jumamosi, 8 Oktoba

Nilikwenda ofisini kwa Bulonza, karibu na chuo kikuu. Alinipokea kwa mikono miwili. Nilipomaliza kueleza, akafunga mlango.

"Bon, Mwalimu. Ukiandika hivyo, watasema ninaandikisha wageni. Nimekwisha. Tungoje uchaguzi upite."

Nikasema Nzigire anaitwa kabla ya uchaguzi.

"Basi aahirishe."

Nikamwuliza angefanya nini kama huyu angekuwa mwanafunzi wake. Akatazama dirisha. Akasema sasa ana wanafunzi wengi mno.

Chai yake sikuinywa.

Jumanne, 11 Oktoba

Mimi na Nzigire tumepeleka ombi la kufuta jina kwenye ofisi ya uchaguzi. Karani wa pale alipiga muhuri. Nzigire alirudisha kadi kwa mikono yote miwili. Njiani alitembea mbele yangu.

Barua bado.

Jumanne, 25 Oktoba

Nimemkuta Nzigire akifunga begi. Dada yake Immaculée, aliyenunua nyumba Black Rock, mtaa wa mji wa Buffalo, alikuwa anapaza sauti katika simu: aje Buffalo leo leo, kiwandani kwake hakuna anayeuliza mambo ya kura! Nikasema faili humfuata mtu popote. "Huyo mwalimu wenu ndiye aliyekuponza," Immaculée akajibu, "na bado unamsikiliza?"

Nzigire akaketi juu ya begi. "Donc kesho wakiniuliza ni nani aliniambia, niseme nani?"

Nimeandika barua. Ukurasa mmoja. Jina langu liko mstari wa kwanza, la Bulonza mstari wa nne.

Jumatano, 26 Oktoba

Chumba cha kungojea, idara ya uhamiaji. Viti vya plastiki. Nzigire amevaa kitenge cha Pasaka.

Bulonza amepiga simu mara mbili. Mara ya pili nilipokea nje, mlangoni. Hakuomba niiache barua. Aliomba nikate mstari mmoja tu, wa nne. "Wewe ni mzee, Mwalimu, hawatakufanya kitu. Mimi nina wiki mbili tu kabla ya kura." Akataja muswada. Akataja watoto wa kanisa letu. Yote ni kweli, ndiyo shida.

Nikikata mstari ule, Nzigire atasimama mbele ya afisa na neno la mzee mmoja tu.

Kalamu ninayoandikia haya ndiyo hiyo hiyo niliyoandikia barua. Barua iko chini ya daftari, mstari wa nne haujaguswa.

Wameita jina lake, wamelikosea, wameliita tena. Amesimama. Ananyoosha mkono — "Baba Mwalimu, leta" —