Mlango wa Lalla Yamna, Kilomita ya Thelathini na Moja

Jumapili, 4 Februari

Nimejiandikisha tena. Ndiyo, marathoni! Mimi Izza, fundi wa kaftani, miaka arobaini na tatu, mtu wa kukaa kwenye cherehani mpaka macho yaume. Bassou kasikia, akaweka kijiko chini, akauliza kama mara hii nitakimbia au nitaenda kutembelea watu. Mume gani huyu!

Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka. Mwaka jana nilikuwa naenda vizuri kabisa. Kwenye kilomita ya thelathini na moja mbio zinaingia mji wa kale na kupita mbele ya mlango wa Lalla Yamna, mama mkwe wangu. Naye alikuwa nje, sinia mkononi, kavaa nguo za sikukuu. "Wallahi unaingia!" Nikamwambia, Lalla, niko kwenye mashindano! Akasema mashindano yatanisubiri, kiapo kimeshatoka. Na kwetu ukishaapiwa hivyo huna pa kukimbilia. Ukikataa, kiapo kimevunjika, na yeye ndiye atakayefunga siku tatu, na mtaa mzima utajua nani kamfungisha. Bibi wa umri ule! Nikaingia. Glasi moja tu ya chai. Chapati moja tu, ya asali. Kisha akanisogezea mto...

Nikaamka alasiri. Medali zimeshagawiwa, Bassou ananitafuta hospitalini.

Tangu siku hiyo Driss, mwenye duka la kona, ananiita Bingwa wa Chai.

Sawa, wacheke. Lakini kaftani za watu nazimaliza zote, kwa wakati, na vifungo juu. Kitambaa changu mwenyewe kipo sandukuni mwaka wa sita, hakijaguswa na mkasi. Changu mimi sijawahi kumaliza hata kimoja. Hiki cha mbio nakimaliza.

Alhamisi, 15 Februari

Mvua. Baridi mpaka kwenye mifupa. Nimekimbia hivyo hivyo hadi kwenye mizeituni na kurudi. Driss akatoa kichwa dukani: "Bingwa! Chai iko huku, mbona unakimbilia kule?" Nikamwambia aipoze, nikirudi namwagia. Wateja wakacheka — upande wangu!

Ijumaa, 23 Februari

Nimejifunza: baada ya kuskusi ya Ijumaa, ya nyama na maboga, hakimbii mtu mwenye akili. Nilifika nguzo ya pili ya umeme tu. Maboga yakataka kurudi yalikotoka. Nimetembea hadi nyumbani, mkono mmoja tumboni, mwingine kiunoni. Jirani kanipa pongezi na kuuliza ni miezi mingapi!!

Jumamosi, 2 Machi

Basi tena. Kifundo cha mguu.

Kwenye ngazi za mji wa kale akaja punda na mitungi ya gesi, mwenyewe nyuma anapiga kelele: pisheni, pisheni! Mimi nikapisha, mguu ukabaki. Umevimba kama mkate uliosahauliwa karibu na jiko. Daktari anasema wiki tatu nisikimbie. Nimelia ndani ya teksi. Dereva kanipa karatasi nifute macho, akauliza kwa heshima nani kafariki. Nikamwambia marathoni. Akasema, Mungu amrehemu.

Jioni Lalla Yamna kaja na mafuta ya zeituni ya moto. Kanikanda mpaka nikawaita marehemu wote wa ukoo. Anakanda huku ananisimanga:

"Binti yangu, hivi nani anakufukuza?"

"Hakuna, Lalla."

"Sasa si utembee!"

Lakini kanikanda mpaka uvimbe ukalainika, na vidole vyake mwenyewe vinamuuma siku hizi. Nampenda bibi huyu. Ananichosha, nampenda.

Jumanne, 12 Machi

Ramadhani imeingia. Mguu bado. Nashona nikiwa nimeuweka juu ya kiti, nao unaniangalia tu. Najikaza kisabuni.

Nimebuni mazoezi ya kichwani. Nafumba macho, nakimbia njia nzima: kituo cha basi, mizeituni, daraja, lango la mji wa kale. Pumzi sawa, magoti sawa. Kisha mlango wa bluu wa Lalla — sinia hilo hapo! Mara tatu leo nimejaribu, mara tatu nimeingia kunywa chai. Hata kichwani simpiti!

Jumanne, 26 Machi

NIMEKIMBIA! Polepole, kabla ya futari, barabara nzima yangu na paka. Tende moja mfukoni na chupa ndogo ya maji, ili adhana ikinikuta njiani nisiteseke. Ikanikuta. Dirisha la mtu, sauti nzuri kabisa. Nikasema alhamdulillahi, nikala tende, nikanywa maji yote mpaka tone la mwisho. Kunyanyua uso — jua liko palepale!

Redio. Redio ya Wajda, kule mashariki, wanakofuturu kabla yetu! Na redio ya nani? Ya Driss. Mama yake ni mtu wa Wajda, anapenda kusikia adhana ya kwao. Sasa nina siku moja ya kulipa kwa Mungu, na Driss kacheka mpaka adhana ya kwetu ikamkuta kashika ukuta.

Lakini mguu haukuuma. Umesikia, shajara? Haukuuma!

Jumapili, 31 Machi

Nimeharibu.

Kaftani za Idi zimejaa mpaka kitandani, sijakimbia siku nne, na kifundo kimeanza tena kulalamika asubuhi. Nikakaribia kunyoosha mikono. Kisha nikajiambia: Izza, piga moyo konde, ondoa vikwazo kimoja kimoja. Nikaanza na kile kikubwa. Lalla Yamna alikuwa kwetu kwa futari. Supu ilipokwisha nikamwambia kwa upole — nilikuwa mpole! — Lalla, siku ile ya mbio, tafadhali, usitoke nje. Ufunge mlango.

Tende ikasimama njiani kuelekea mdomoni.

"Nifunge mlango?"

"Siku moja tu, Lalla."

"Mlango wangu haujawahi kufungwa mchana tangu niolewe. Maskini anaingia, mgeni anaingia, paka wa watu anaingia. Leo mke wa mwanangu ndiye aniambie nimfungie?"

Bassou akainamia bakuli tupu, akalichunguza kweli kweli. Lalla akavaa shali yake, akaondoka. Bila chai. Lalla Yamna, bila chai!

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Nyumba yake imejaa watu. Wote kawamiminia chai ya nanaa kutoka juu, povu mpaka ukingoni. Mimi nusu glasi.

"Usinywe sana," kaniambia, "usije ukachelewa."

Nimecheka. Peke yangu.

Jumapili, 14 Aprili

Leo ndizo mbio ndefu za mwisho kabla ya siku yenyewe. Njia ileile. Pumzi sawa, magoti sawa, kifundo kimetulia kama si kile. Nikaingia kwenye lango, nikakata kona.

Mlango wa bluu umefungwa. Mchana kweupe.

Nikapunguza mwendo. Nikanyanyua mkono nibishe hodi, nikaushusha. Nilichokiomba nimepewa, sasa nataka nini tena? Nimekimbia sehemu yote iliyobaki huku nalia, watu wananipisha wakidhani kuna msiba. Na ndizo mbio zangu za kasi kuliko zote! Mwili huu siuelewi.

Jumamosi, 27 Aprili

Kesho.

Namba nimeishona kwenye fulana kwa mkono, mishono midogo midogo, maana pini siziamini. Nimempigia Lalla. Hakupokea. Nikapiga tena. Bassou anasema labda kalala. Jua bado halijazama, kalala gani?

Driss kaniletea ndizi, bure. Driss! Kasema nikimaliza ataacha kuniita lile jina, nisipomaliza ataliandika juu ya duka.

Siogopi miguu. Miguu iko tayari. Naogopa ule mlango. Akiniita, nitaingia, najijua. Asiponiita, sijui nitapitaje.

Jumapili, 28 Aprili

Naandika juu ya goti, nimekaa ukingoni mwa barabara, hapa mwanzo wa mbio, watu wananiruka. Mkoba inabidi niukabidhi sasa hivi, huyu kijana wa kutunza mikoba ya wakimbiaji keshaniita mara mbili.

Bassou kapiga simu. Kaenda kwa mama yake alfajiri amwombe msamaha kwa niaba yangu, akakuta kufuli. Kufuli! Nyumba ile ina kufuli? Akaulizia kwa majirani. Wanasema katoka na kiti chake kidogo, birika na sinia, kavaa nguo za sikukuu. Bassou kamkuta wapi? Mwisho wa mbio. Kashakaa pale kwenye mstari, watu wa kamati wamemwomba asogee, hasogei.

Nikamwambia Bassou, mpe simu. Akampa. Kelele tupu, kisha sauti yake:

"Mlango si umefungwa, kama ulivyotaka?"

"Lalla, nisamehe, mimi—"

"Nyamaza, utaisha pumzi. Wallahi leo sinywi chai wala sitii tonge mdomoni mpaka ufike hapa kwa miguu yako. Umesikia? Wallahi!"

"Lalla, usiape! Mimi nakwenda polepole, itafika adhuhuri!"

"Kiapo kimeshatoka."

Akakata.

Huyu ni mtu ambaye asipokunywa chai ya asubuhi kichwa kinamgonga na mtaa mzima hausemeshwi. Miaka sabini na sita! Na hapo pembeni yake birika limejaa. Bassou katuma ujumbe: kamwomba walau maji, kakataa. Hatakunywa. Namjua, hatakunywa, atakaa na njaa yake kwenye kile kiti mbele ya halaiki yote mpaka anione. Bibi huyu hajui kumsaidia mtu bila kuapa!

Nacheka na kulia, sijui kipi ni kipi. Kijana wa mikoba kanyoosha mkono. Wanahesabu kule mbele. Kamba za viatu, sawa. Kifundo, bismillahi, nivumilie. Haya, chukua mkoba, chukua — kuna mtu ananisubiri hajala