Magoti ya Padri Fimbo

Kaka yangu mkubwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na kitambi kinaendelea vizuri. Huku tuko salama: Mama anafoka kama kawaida, nami nazidi kupendeza.

Habari kubwa ni kwamba marehemu Padri Fimbo anaombewa atangazwe mtakatifu. Usiichane barua! Najua uliapa kutokanyaga kanisani kwa ajili yake. Mtaa umegawanyika: hawa wanasema alilisha watu wakati wa njaa, wale wanasema aliwacharaza kwenye foleni ya chakula hichohicho. Wote wanasema kweli. Roma haijatamka neno, lakini kamati ya parokia ina haraka, imeshaagiza sanamu yake ya mti. Na nani kapewa kazi? Mimi, niliyeishia darasa la sita! Bosi alikiri kwamba karakana nzima hakuna mwingine anayeweza kuchonga uso mkali.

Nilikuwa nimemchonga mpaka kiunoni, chini bado gogo, padri anayekusanya ushahidi wa utakatifu wake alipokuja nyumbani. Alimwuliza Mama kama ni kweli Padri Fimbo alimfukuza kanisani akiwa na mimba yako. Nilijibanza jikoni nikiomba aseme kidogo tu. Thubutu! Alimwaga yote: fimbo ilivyomwonyesha mlango, kwaya ilivyonyamaza. Nikajua kazi yangu imeota mbawa.

Kisha akasema jambo ambalo mimi na wewe hatujawahi kulisikia. Ulipozaliwa, Padri Fimbo alikuja mlango wa nyuma bila fimbo, akapiga magoti kwenye matope ya maji ya vyombo, akaomba msamaha. Mama akamfungia. Akarudi, akafungiwa, hivyo hivyo mpaka akahamishwa. Mama alimwambia mgeni aandike yote mawili, la kufukuza na la magoti, wakubwa waamue. Yeye si Roma.

Basi nikalirudia gogo, nikamchonga amepiga magoti. Kamati wamewaka moto, wanataka mtakatifu wao asimame, la sivyo hawamchukui. Shauri yao. Magoti kama yale hawatayaona tena.

Jana Mama alikuja karakana kwa mara ya kwanza. Alimtazama weee, akasema pua nimemwonea, ilikuwa kubwa zaidi. Halafu, huku akinipa mgongo, akasema kamati wakimkataa nimlete nyumbani, aingie kwa mlango wa nyuma.

Nimeshaupima, anapita. Ila ni mzito, Kaka, na mtu wa kushika upande wa pili ni wewe.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto kwa niaba ya baba yao mdogo mtanashati.

Mdogo wako,
Mdomo, fundi wa watakatifu