Majina Kwenye Fomu ya Mama

Chonyonyo, Karagwe
Jumapili, baada ya misa

Kaka yangu Cleophace,

Shikamoo kaka. Habari za Kaisho? Wifi Anatolia na watoto hawajambo? Huku tupo, uzima wenyewe ni wa kusuasua. Mama anakula na kuongea vizuri, ila mkono na mguu wa kulia bado havijarudi tangu kile kiharusi. Ningekupigia simu, lakini najijua, ningeanza na salamu nikaishia na salamu. Ndiyo maana nimempa Joviana barua hii, anakuja huko kununua maharage.

Nimeinuka mara tatu tangu nikae kuandika. Mara nadhani Mama ananiita, mara nadhani mbuzi kakata kamba. Nikienda kuangalia, hakuna kitu.

Unajua huu ni mwaka wa tatu tangu niache nyumba yangu Ihanda nije kumtunza. Kumnyanyua, kumwogesha, kumpeleka chooni, kumgeuza asipate vidonda, yote ni mimi. Mume wangu Winston alisema atavumilia mpaka msimu wa kahawa uishe. Misimu imeshapita mitatu. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe akiuliza kama bado nahesabu kule ni kwangu. Niliusoma nikiwa njiani kwenda kisimani, nikarudi nyumbani na ndoo tupu.

Wiki ileile akaja afisa ustawi wa jamii kutoka halmashauri, mama mmoja mpole wa Muleba, anaitwa Prudensia. Alikuwa anaandikisha wazee wenye ulemavu ili wapate msaada wa serikali. Mwenyekiti wa kitongoji ndiye angemwongoza, lakini alikuwa msibani, kwa hiyo aliletwa na bodaboda peke yake. Alitueleza kwamba mzee mwenye ndugu wa kumtunza atapewa kiti mwendo, na mhudumu wa afya atakuwa anamtembelea nyumbani. Asiye na mtu kabisa, huyo ataombewa nafasi kwenye makazi ya wazee, akatunzwe huko. Akaandika umri wa Mama na ugonjwa wake, kisha akaniuliza mimi ni nani wake.

Kaka, nilimwambia mimi ni jirani. Nikasema bibi huyu hakujaliwa mtoto.

Mama alikuwa amekaa mkekani, hatua mbili tu kutoka pale, na masikio yake unayajua. Yule afisa akamgeukia, akamuuliza kama ni kweli. Mama akamjibu, "Ni kweli, mwanangu. Huyu ni jirani, ananisaidia tu. Mungu ambariki."

Afisa akaondoka na fomu, ikabaki kupigwa mhuri wa mwenyekiti. Nilipika ndizi, hatukuzila. Siku mbili nzima Mama hakulitaja jambo lile, wala hakuninunia, na hilo ndilo lililonitesa. Siku ya tatu, nikimfunga kitenge, niliacha fundo katikati. Nikapiga magoti nikamuuliza kwa nini alikubali. Akasema, "Nilidhani umechoka. Nikaona nikupishe."

Sikungoja hata chai. Nilipanda bodaboda mpaka halmashauri, Kayanga, nikamweleza Prudensia kila kitu huku nimesimama, maana niliogopa kukaa. Nilitegemea aite polisi. Badala yake akaichana ile fomu, akasema si mimi wa kwanza. Kisha akatoa nyingine, akaniambia niketi.

Kiti mwendo kimefika Jumanne. Kibanjani hakipiti, magurudumu yanazama kwenye nyasi tulizotandaza chini ya migomba. Lakini pale uwanjani tunapoanika kahawa kinazunguka vizuri, na Mama anashinda pale akichambua kahawa mbovu kwa mkono wa kushoto na kunigombeza kwamba naanika vibaya. Mhudumu wa afya amekuja mara moja, akanifundisha namna ya kumnyanyua bila kujivunja mgongo.

Limebaki moja. Fomu mpya inataka watunzaji wawili wa kupokezana, na Prudensia alisema mtu mmoja peke yake hawezi kazi hii. Nafasi ya pili nimeandika jina lako na namba yako ya simu. Sikukuuliza, nisamehe. Watakupigia wiki hii kuhakikisha. Watakuuliza una undugu gani na Mama. Sijui utawajibu nini, na sina haki ya kukulaumu kwa lolote utakalosema, mimi niliyeulizwa swali hilohilo nikiwa mlangoni kwetu.

Nisalimie wifi sana, na watoto wote mmoja mmoja. Mama naye anakusalimu. Jina lako kwenye fomu sijamwambia, asije akaanza kukungoja.

Ni mimi mdogo wako,
Kemirembe